Kijani cha Lori la Mzee Abass

Kabla Waqo hajaleta mashine ya rangi, mtu wa Isiolo aliyekwaruza gari lake alilipeleka kwa Kulmiye, na hakuwaza fundi mwingine. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, upande wa kutokea kwenda Ngaremara, mahali malori yanapopumzika kabla ya kushika barabara ya Moyale. Hakuwa na kadi wala namba. Aliitazama bodi ya gari kwa muda, akafumba jicho moja, halafu akaanza kumimina: nyeupe, njano kidogo, nyeusi tone moja kwa ncha ya kijiti. Alipaka kwa kidole kando ya mkwaruzo, akangoja ikauke, akarudi nyuma kutazama. Mara nyingi hungeona alipopaka. Madereva walipiga makofi, naye akajifanya hasikii.

Mkewe Hoda alikuwa akimletea chai pale kibandani, na alipokuwa akingoja kikombe alikaa kwenye gurudumu kuukuu akitazama. Baada ya miaka michache alianza kusema, "Ongeza njano," na mara nyingi ilikuwa kweli njano imepungua. Kulmiye alicheka kwa furaha. "Mnaona?" aliwaambia madereva. "Bibi yangu ameanza kunifundisha kazi." Siku hizo maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni mwake, kwa sababu hakuna aliyeyaamini.

Waqo alikuwa Mborana mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Alipoamua kununua mashine ya kuchanganya rangi, alitafuta mtu anayejua rangi na pia anayejua kompyuta. Hoda alikuwa amewahi kufanya kazi saiba, kwenye duka la kompyuta za kukodi, kabla ya kuolewa. Waqo alikuja mwenyewe kibandani kumuomba Kulmiye ruhusa, kwa heshima, na Kulmiye akakubali bila kufikiria sana. Kazi ya kukaa dukani na kubonyeza vitufe, aliona, si kazi ya kumsumbua mtu. Hoda akaenda Nairobi kwa mafunzo, akalala kwa shangazi yake Eastleigh, akarudi na furushi la kadi nyembamba zilizofungwa pamoja upande mmoja, zikifunguka kama mkia wa tausi.

Alizifungua mkekani wakinywa chai ya jioni. Kila kadi ilikuwa na vipande vya rangi, na chini ya kila kipande namba.

"Baba Hanad, tazama," alisema. "Mwalimu alituambia zamani kila kiwanda kilikuwa na nyekundu yake. Ukiagiza nyekundu kutoka mbali, hujui utaletewa gani. Kwa hivyo Wajerumani, karibu miaka mia sasa, wakakusanya rangi arobaini na kila moja wakaipa namba. Waingereza nao wakatengeneza orodha yao, mpaka magari ya jeshi yakawa yanapakwa kwa namba. Baadaye Wamarekani wakatoa kadi za watu wa kuchapa magazeti na maboksi. Leo mtu yuko Uchina anataja namba, na mimi hapa Isiolo natoa rangi ileile. Hatujaonana, hatujaongea."

"Na jicho?"

"Jicho linachoka. Alisema hata taa ya duka inalidanganya. Unaona rangi mbili ni sawa ndani, ukitoka nje juani zinaachana."

"Huyo mwalimu wako anasema sana," Kulmiye alijibu, akageuza uso.

Hoda alidhani ni uchovu. Alikunja kadi zake polepole, akazifunga kwa kitambaa.

Mashine ilianza kazi baada ya Ramadhani. Ilikuwa kabati refu lenye mapipa madogo ya rangi kali ndani yake, na kando yake kifaa kinachotoshea mkononi ambacho ukikiweka juu ya kitu chochote kinasoma rangi yake na kuipeleka kwenye skrini. Watu walikuja kwanza kwa kutaka kuona. Mama mmoja alileta mtandio wake wenye ua akitaka sebule ifanane nalo. Shule ilileta kipande cha lango. Mwenye hoteli ya barabarani alitaka ukuta wa rangi ya chai ya maziwa ya ngamia, akaja na kikombe chenyewe. Hoda aliwahudumia wote kwa sauti yake ya chini, akitaja namba kama mtu anayewataja jamaa zake.

Kisha wakaanza kuja wenye magari.

Kulmiye alilifahamu jambo hilo kupitia kwa Tyson, kijana mwenye pikipiki ya kubeba miraa kutoka Meru. Alipita kibandani bila kusimama sawasawa, mguu mmoja chini.

"Fundi, nakuja! Wacha nipitie kwa Mama Rangi kwanza anipimie, halafu nitakuletea upulize."

"Kwa nani?"

"Mama Rangi. Bibi yako, si ndio?" Tyson akacheka, akaondoka.

Kulmiye alibaki ameshika msasa. Miaka yote aliyofanya kazi hakuna aliyempa jina. Walimwita fundi, kama wanavyomwita fundi wa viatu na fundi wa mabomba. Huyu mwanamke, aliyejifunza rangi kwenye gurudumu lake kuukuu, akinywa chai yake, leo ana jina.

Tangu siku hiyo kitu kilimkaa kifuani. Mtu akileta kopo kutoka kwa Waqo, alilifungua akitafuta kosa. Alipaka kidogo, akangoja, akarudi nyuma, na rangi ilikuwa sawa. Iliyofuata, sawa. Alichukia usawa wake. Nyumbani Hoda alipoanza kusimulia habari za dukani, alitafuta simu yake au alikwenda kunawa. Alipoacha kusimulia, akakasirika kwamba amenyamaza.

Alifikiria kwamba tatizo ni Waqo. Siku moja alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mkokoteni wa maji, akawatazama. Waqo na Hoda walikuwa wameinamia kadi na wanacheka.  Jioni Kulmiye akauliza, kama mtu asiyejali, "Leo mlikuwa mnacheka nini na Waqo?"

"Ah, kuna mzee kutoka Kipsing ametaka mlango wa rangi ya fahali wake. Akaonyesha picha kwenye simu. Fahali mwenyewe ana madoa. Nikamuuliza, mzee, unataka rangi ya fahali au ya madoa?"

Alicheka tena akikumbuka. Kulmiye aliujua uso wa mkewe, akajua ni kweli tupu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama angekuwa anamwonea Waqo wivu, angejua la kufanya. Wanaume wana njia zao za kuyamaliza hayo. Lakini aliyemwonea wivu ni Hoda mwenyewe, na hakujua mtu anafanya nini na wivu wa namna hiyo.

Ndipo lori la Mzee Abass likagonga ngamia.

Mzee Abass alikuwa msafirishaji wa siku nyingi, mjukuu wa askari wa Kisomali aliyepewa ardhi Isiolo baada ya vita vya Mwingereza. Lori lake la kijani lilijulikana kutoka Marsabit hadi Nairobi, na yeye alilipenda kama watu wanavyopenda farasi. Ngamia alijitokeza karibu na Ngaremara, dereva akakata kona, na mlango wa kushoto pamoja na kipande cha mbele vikakunjika. Mzee alilileta kwa Kulmiye kwa haraka. Kulikuwa na kampuni ya ujenzi kutoka Nairobi iliyotaka kukodisha malori ya kubebea vifaa kwa muda mrefu, na mtu wao angekuja kuyakagua.

"Adeer, usijali," Kulmiye alimwambia, akimwita hivyo kama Wasomali wanavyomwita mtu wa rika la baba yao. "Nitalinyoosha mpaka usahau kama liligonga kitu."

"Kunyoosha najua utanyoosha. Lakini rangi, nataka ipimwe kwa Hoda. Watu wote wanasema kwa Hoda rangi haikosei."

"Sawa, adeer," Kulmiye alisema. Sauti yake ilitoka vizuri kabisa.

Alinyoosha mlango, akajaza mabonde kwa puti, akapiga msasa. Mikono yake ilifanya kazi safi, lakini kichwa chake kilikuwa kwingine. Lori lile lilikuwa limekaa kwenye jua la Isiolo miaka mingi. Kijani chake cha nje kilikuwa kimepauka, kimeingia ukijivu, mpaka hakikufanana tena na kile kilichotoka kiwandani. Kulmiye alilijua hilo bila kufikiri. Pia alijua kwamba nyuma ya kiti cha dereva kuna kibati kidogo cha kufunikia nyaya, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Alichukua bisibisi, akakifungua. Kijani chake kilikuwa kizito na kipya kama siku lori liliponunuliwa.

Akakifuta vumbi, akakipeleka dukani.

Duka lilikuwa limejaa. Hoda alikuwa akimhudumia mtu mwingine, akamtabasamia mumewe kwa mbali. Zamu yake ilipofika, alikipokea kibati, akakigeuza.

"Hiki kimetoka nje ya lori?"

"Nje. Upande wa kushoto, chini."

Hoda alikitazama tena. "Nilikuwa nimepanga nije mwenyewe nilione lori. Lori la mzee nalikumbuka limepauka kuliko hivi."

"Nimekisafisha vizuri, ndiyo maana. Kwani huniamini?"

Aliuliza akicheka. Hoda naye akacheka, akaweka kifaa chake juu ya kibati. Mashine ikatoa matone yake moja baada ya jingine, ikatikisa kopo, na Hoda akaandika jina la Mzee Abass juu ya kifuniko kwa kalamu nene.

Kulmiye alipuliza rangi asubuhi ndani ya kibanda, chini ya mabati. Kivulini tofauti ilionekana kidogo tu. Alipolitoa lori nje, hata muuza sigara aliyekuwa akipita alisimama. Mlango na kipande cha mbele vilikuwa vimewaka kijani cha peke yake, kama vimetolewa kwenye lori lingine, na bodi yote iliyobaki ikaonekana kama mzee mgonjwa.

Mzee Abass alifika na mtu wa kampuni, jina lake Gichunge, mwanamume mwenye miwani aliyezunguka lori mara moja tu.

"Mzee, hili lori limepata ajali kubwa?"

"Ajali ndogo. Ngamia."

"Inaonekana ni la vipande." Gichunge aligonga mlango kwa kidole. "Mimi sijui chini ya hii rangi kuna nini. Samahani." Akaandika kitu kwenye simu yake, akaenda kuona malori mengine, na mwishowe alichukua ya watu wa Meru.

Mzee Abass alibaki amesimama na fimbo yake. Alimgeukia Kulmiye, na Kulmiye akasema yale aliyokuwa ameyaandaa tangu usiku.

"Adeer, mimi ni wa kupuliza tu. Rangi imetoka kwa mashine."

Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya mzee mwenyewe. Mzee aliingia dukani kwa Waqo akapaza sauti mbele ya wateja, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Waqo alimuomba msamaha. Kisha akamwambia Hoda kwa upole, lakini watu wakasikia, kwamba asiiguse mashine mpaka mafundi wake wa Nairobi waje kuikagua.  Hoda alikusanya kadi zake, akavaa vizuri mtandio wake, akatoka.

Jioni ile Kulmiye alimkuta amekaa mkekani, chai haijapikwa. Aliipika yeye. Alikaa karibu naye, akamwambia mashine ni mashine, leo iko na kesho imeharibika, asijilaumu. Hoda aliegemeza kichwa begani mwake na akalia kidogo. Ilikuwa miezi mingi tangu amuegemee hivyo. Kulmiye alihisi amerudishiwa kitu chake. Alimpapasa mgongo na kumwambia tena asijilaumu, na kila alipolirudia neno hilo lilikuwa rahisi zaidi, mpaka yeye mwenyewe akaogopa.

Asubuhi Hoda alikuja kibandani. Lori lilikuwa bado pale, na Mzee Abass alikuwa amekaa kivulini na madereva wawili watatu, wakibishana kama lipakwe lote au lirudishiwe rangi ya zamani. Hoda alitoa salamu, "Salaam aleikum," wakaitikia bila kumtazama sana. Mkononi alikuwa na kile kibati, kilichobaki dukani tangu siku ya kupima.

Alianza kuzunguka lori. Alikiweka kibati kando ya bodi ya nje, chini, upande wa kushoto, pale mumewe alipomwambia kimetoka. Akakiweka juu ya tangi. Akakiweka kwenye mlango mpya, na pale kikapotea, rangi moja. Akapanda ngazi ya lori, akafungua mlango wa dereva, akavuta kiti mbele. Kulmiye alikuwa ameshika bomba la kompresa na hakuweza kuliachia. Aliona mgongo wa mkewe ukiinama. Aliona mkono wake ukikisukuma kibati mahali pake, na matundu ya skrubu yakikutana na matundu.

 Hoda aliposhuka, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua.

"Umeona nini, mama?" Mzee Abass aliuliza.

"Nimeona kosa," alisema. "Kosa ni langu, adeer. Nilipaswa kuja kuliangalia lori mwenyewe kabla ya kupima. Sikuja. Unisamehe."

Akamtazama Kulmiye mara moja, akaondoka.

Kulmiye alimfuata mpaka uwanjani nyuma ya kituo cha mafuta. "Hoda. Hoda, ngoja."

Alisimama. "Hilo lori hupita mbele ya duka kila wiki," alisema. "Nilijua limepauka. Nililiona kwa macho yangu, na nikakwambia. Ukaniuliza kama sikuamini." Akakaza mtandio wake. "Nikaacha macho yangu, nikashika neno lako. Jana umenipikia chai, umenishika mgongo, na ulikuwa unajua. Nimekukosea nini mimi?"

 Kulmiye akasema kitu ambacho hakukipanga. "Wanakuita Mama Rangi."

"Ndiyo sababu?"

"Mimi hawajaniita kitu."

Hoda alimtazama kama anayepima umbali. "Miaka yote niliyokaa kwenye lile gurudumu," alisema, "nilikuwa nikiona wanakupigia makofi, nafurahi mpaka nasahau chai inapoa. Sikujua wewe ukikaa upande huo wa kutazama, inakuuma." Akaenda nyumbani, akamchukua Hanad, mtoto wao, akapanda gari la kwenda Kinna kwa dada yake Fahmo.

Kulmiye alirudi kibandani. Madereva walikuwa bado wanabishana. Alisimama mbele ya Mzee Abass.

"Adeer, Hoda hana kosa. Kibati nilikitoa ndani, nyuma ya kiti. Nilimdanganya ni cha nje. Nilijua rangi haitalingana."

 Mzee alimkazia macho. "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu kwa mkeo? Kwani yuko na mtu?"

"Hapana, adeer. Kwa kazi yake."

Mzee Abass aliinuka kwa kuegemea fimbo. "Ningeelewa kama ungeniibia," alisema. "Kazi imeenda, na madereva wangu walikuwa wanaitegemea. Umechukua lori langu ukalifanya rungu la kumpigia mwanamke wako. Sasa utalichuna lote, kwa mkono wako, ulipake upya. Na rangi itatoka kwake, kama atakubali. Na haya uliyoniambia, ukayaseme kwa Waqo sasa hivi, wateja wakiwa ndani."

Akaenda akayasema.  Waqo alichukua simu, akaenda nyuma ya duka kumpigia Hoda.

Kuchuna lori lile kulikuwa kazi ya kumaliza mtu. Kulmiye alilipiga msasa kutwa, vumbi la kijani likimjaa masikioni, na madereva waliopita hawakumpigia honi kama zamani. Wengine walicheka waziwazi. Alikula peke yake. Kila Ijumaa alipiga simu Kinna, akaongea na Hanad, na Hoda akakataa kuchukua simu. Baadaye akaanza kuichukua, kwa maneno machache. Kisha siku moja mtu akasema Mama Rangi amerudi kazini. Alikuwa amefikia kwa mama yake, mtaa wa Bula Pesa, si nyumbani.

Lori lilipokuwa tayari, Kulmiye alikwenda dukani akapanga foleni nyuma ya watu wengine. Hoda alimwona, akaendelea na kazi. Alipofika mbele, alimtazama kama anavyomtazama mteja yeyote.

"Namba?"

Kulmiye hakuwa amewahi kutaja namba ya rangi maishani mwake. Alikuwa ameisoma kwenye kibao kilichopigiliwa ndani ya mlango wa lori, ameirudia njia nzima. Aliitaja. Watu waliokuwa nyuma walisikia.

"Lori lote?"

"Lote. Nimelichuna mpaka bati."

"Nitakuja kuliona kwanza," Hoda alisema.

Alikuja siku ileile baada ya alasiri. Alizunguka, akapitisha kiganja kwenye bodi, akainama chini ya milango, akamwonyesha sehemu mbili ambazo msasa haukufika. Kulmiye alizirudia Hoda akiwa amesimama pale. Hoda alichanganya rangi, Kulmiye akapuliza, na ilipokauka wakalitoa nje juani, na Mzee Abass akalizunguka mara nyingi, halafu akapanda na kuliondoa mwenyewe, dereva akiwa amekaa kando.

Hoda alibaki akifuta mikono.

"Utarudi nyumbani?" Kulmiye aliuliza.

"Sijui. Bado nina hasira."

"Na mimi bado nina ule wivu," alisema. "Asubuhi Tyson amepita akauliza uko wapi, na kitu kikanichoma hapa. Ningekwambia kimeisha ningekuwa nakudanganya tena."

 Hoda alionekana kulipima neno hilo, kwa macho tu.

"Afadhali uniambie," alisema mwishowe. "Hata kila siku. Mimi hasira nitakuwa nakuonyesha, na wewe wivu uniambie."

Alirudi baada ya wiki kadhaa, mwanzoni kwa ajili ya Hanad, akalala chumba cha mtoto. Waqo hakumpelekea tena Kulmiye mteja kwa muda wa mwaka karibu mzima. Mzee Abass alipata kazi nyingine, ndogo kuliko ile. Kulmiye aliendelea kupuliza rangi alizochanganya mkewe, na jioni wakinywa chai humwambia ni wapi leo wivu umemuuma, na Hoda husikiliza, wakati mwingine kwa huruma, wakati mwingine akimwambia wazi kwamba leo hana nguvu ya kusikia.